Ili Ukataliwe Mara Sitini

Kabla barua pepe haijashika hatamu, mwandishi wa Marekani aliyekuwa akimtafuta wakala alikuwa na adabu moja ya kuzingatia. Ndani ya bahasha yenye barua yake na kurasa chache za riwaya alitia bahasha ya pili, tupu, iliyokwisha kuandikwa anwani yake na kubandikwa stempu. Jibu lilirudi kwa bahasha hiyo. Nauli ya kukataliwa, basi, aliilipa yeye mwenyewe, tena mapema.

Kathryn Stockett, mzaliwa wa Jackson katika jimbo la Mississippi, alikusanya majibu 60 ya “hapana” kabla wakala wa 61 hajasema “ndiyo”. Riwaya yake, The Help, ilitoka Februari 2009, ikakaa zaidi ya wiki 100 katika orodha ya gazeti la New York Times ya vitabu vinavyouzwa zaidi, na mwaka 2011 ikawa filamu. Mwaka uliofuata Octavia Spencer alipanda jukwaani kupokea Oscar kwa kuigiza humo. Toka hapo kisa cha barua 60 kimekuwa mawaidha. Husimuliwa kwenye warsha za uandishi, hubandikwa kwenye mitandao, na kila mara hufungwa kwa funzo lile lile: usikate tamaa.

Sina ugomvi na uvumilivu. Ugomvi wangu ni na vile kisa hiki kinavyonyofolewa mambo yake ya ndani hadi kubaki namba tupu. Turudi kwenye kisa chenyewe.

Stockett alikuwa New York, akifanya kazi kwenye majarida na masoko, majengo mawili marefu ya jiji hilo yalipoangushwa Septemba 11, 2001. Kwa siku kadhaa hakuweza kuwasiliana na nyumbani. Katika upweke ule alianza kuandika kwa sauti aliyoikumbuka tangu utotoni, sauti ya Demetrie, mwanamke mweusi aliyekuwa mfanyakazi wa ndani kwenye familia yao, aliyemlea, na aliyefariki Stockett akiwa na umri wa miaka 16. Sauti hiyo ndiyo iliyomzaa Aibileen, msimulizi wa kwanza wa riwaya. Akaja Minny, naye mtumishi, mpishi hodari asiyejua kufunga mdomo mbele ya matajiri wake. Akaja Skeeter, msichana wa Kizungu anayewashawishi watumishi weusi wa Jackson, mwaka 1962, wamweleze kwa siri wanayoyaona jikoni na vyumbani mwa wazungu, ili aandike kitabu.

Barua ya kwanza ya kukataliwa, kwa simulizi yake mwenyewe, ilimfurahisha. Alikuwa sasa mwandishi kamili, ana barua ya kukataliwa kama waandishi wengine! Akaurekebisha mswada, akautuma tena. Zilipofika 15 furaha ilikuwa imeyeyuka. Mmoja alisema hadithi haikumshika. Mwingine, barua zikiwa zimekaribia 40, alimwambia kwamba maandishi ya kuchosha namna ile hayana soko. Rafiki zake wakaanza kumuuliza kwa upole kama hana jambo jingine la kuandika. Hapo akaanza kuficha. Alimuaga mumewe kwamba anakwenda mapumziko ya wikiendi na rafiki zake, kumbe anakodi chumba cha hoteli na kujifungia humo kuhariri. Hata akiwa hospitali na uchungu wa kumzaa binti yake bado alikuwa na karatasi mkononi, mpaka nesi akamkemea aziweke chini.

Miaka mitatu na nusu ilipita hivyo. Barua ya 61 ilikwenda kwa Susan Ramer, wakala wa New York, naye akaukubali mswada. Wiki tatu baadaye alikuwa ameshauuza kwa mhariri Amy Einhorn. Miaka mitatu na nusu kumpata wakala, wiki tatu kumpata mchapishaji.

Wahubiri wa uvumilivu hupita haraka mahali hapa. Mswada uliofika mezani kwa Ramer haukuwa ule uliokataliwa mara ya kwanza. Baada ya kila mkupuo wa majibu Stockett alirudi mezani, akafuta, akapanga upya. Wakala wa tatu na wakala wa 55 walisoma vitabu viwili vyenye jina moja, na huenda wale wa mwanzo walikuwa sahihi kabisa kwa kile walichoonyeshwa. Ukitaka kumsifu Stockett, msifu kwa saa alizokaa na kalamu kule hotelini. Stempu kila mtu anaweza kununua.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda swali la kwanza ni jingine: wakala mwenyewe ni nani, hata mtu ajifiche hotelini kwa ajili yake? Mfikirie dalali wa nyumba. Anawajua wenye nyumba, anawajua wapangaji, anajua bei ya mtaa, na anaishi kwa kamisheni. Dalali mwerevu hapotezi siku kumzungusha mteja kwenye nyumba anayojua haitachukuliwa. Wakala wa waandishi naye ndivyo alivyo, ila mali anayoiuza ni haki. Mwandishi akiuza kitabu, wakala huchukua asilimia 15 ya kipato hicho. Kwa tafsiri na mauzo ya nchi za nje huwa ni asilimia 20. Mwandishi asipouza, wakala hana chake. Ndiyo maana ukikutana na mtu anayejiita wakala na anakutoza fedha za kusoma mswada wako, funga begi uondoke, huyo ni tapeli.

Kazi hii ina umri. Mskoti A. P. Watt aliianzisha London katika robo ya mwisho ya karne ya 19, kwa kamisheni ya asilimia 10, na baadaye akawa mwakilishi wa wakubwa kama Rudyard Kipling na Arthur Conan Doyle. Wachapishaji hawakumpenda. Walizoea kuzungumza na mwandishi peke yake, mwenye njaa na aibu ya kutaja bei, na sasa wakakuta mtu wa tatu mezani anayejua hesabu. William Heinemann, ambaye jina la kampuni yake wasomaji wetu wanalijua kwa vitabu vya waandishi wa Kiafrika, aliwachukia mawakala waziwazi. Historia haikumsikiliza. Leo nyumba kubwa za uchapishaji za London na New York nyingi hazifungui kabisa mswada ambao haukuletwa na wakala. Aliyekuja kumtetea mwandishi mlangoni amekuwa yeye ndiye mlango.

Wala si kwamba ni watu wabaya. Hesabu zao zinabana. Chukua riwaya ya kwanza iliyopewa malipo ya awali ya dola 10,000. Fungu la wakala ni dola 1,500, kwa kazi inayoweza kuchukua mwaka au miwili: kusoma, kuhariri, kuwaandikia wahariri, kusubiri, kujadiliana mkataba. Mtu wa namna hiyo atasema hapana mara nyingi sana, na hapana zake nyingi zitakuwa na maana moja tu: sioni nitamuuzia nani. Mwandishi aliyezisubiri kwa wiki sita huzisoma kama hukumu ya Mahakama ya Rufani.

Zaidi ya hapo, mlango wenyewe hauoni sawasawa. Mwaka 2015 mwandishi wa Kimarekani Catherine Nichols alifanya jaribio akalieleza hadharani. Alituma barua na kurasa za riwaya yake kwa mawakala 50 kwa jina lake, wawili wakaomba kuusoma mswada mzima. Akazituma tena kazi zile zile, safari hii kwa jina la kiume alilolibuni. Kati ya 50, waliouomba mswada walikuwa 17. Riwaya ilikuwa moja, aya za kwanza zilikuwa zile zile, na wengi wa mawakala hao bila shaka waliamini kwamba wanapima sentensi.

Halafu kuna bahati, ambayo mawaidha hayaipendi kwa sababu haifundishiki. J. K. Rowling alipotuma sura zake tatu za mwanzo katika ofisi ya Christopher Little mjini London, zilikuwa zikielekea kwenye rundo la kurudishwa, kwa kuwa ofisi ile haikushughulika na vitabu vya watoto. Mfanyakazi mmoja wa pale, Bryony Evens, akazitoa kwenye rundo akazisoma. Hata baada ya wakala kupatikana wachapishaji 12 waliukataa mswada kabla ya Bloomsbury kuukubali, na nakala za jalada gumu za chapa ya kwanza, mwaka 1997, zilikuwa 500 tu. Siku hiyo Evens angekuwa na homa, sijui leo tungekuwa tunazungumza nini.

Marlon James wa Jamaika aliipata “hapana” mara 78 kwa riwaya yake ya kwanza, John Crow's Devil. Alikata tamaa kweli kweli. Aliufuta mswada kwenye kompyuta yake na hata za rafiki zake. Mwandishi Kaylie Jones, aliyekuja Jamaika kufundisha warsha, alipoomba kuuona, James alilazimika kuupekua kwenye sanduku la barua pepe zilizokwisha tumwa, na kwa rehema ya Mungu nakala moja ilikuwa imebaki humo. Akashic Books, kampuni ndogo ya Brooklyn, iliuchapisha mwaka 2005. Miaka kumi baadaye James alishinda Tuzo ya Booker kwa riwaya nyingine. Huyu hakufuata kanuni ya usikate tamaa hata kidogo. Alikata, akachoma na majivu, mtu mwingine akaja kumwokotea.

Mvumilivu hula mbivu, tunaambiwa, lakini methali haikutaja anakula nini wakati akisubiri. Stockett alikuwa na mume mwenye kipato, alikuwa na fedha za chumba cha hoteli, alikuwa na miaka mitatu na nusu ya kutumia. Simlaumu kwa hayo. Nasema tu kwamba yanahesabika. Na kuna jambo la awali zaidi, ambalo sijasikia likisemwa na wanaokisimulia kisa hiki huku kwetu. Ili ukataliwe mara 60, sharti pawe na milango 60. Awepo mtu wa 60, mwenye ofisi, mwenye simu, anayelipwa kwa kusoma riwaya za watu asiowajua, na baada yake awepo wa 61. Waliosema hapana kwa Stockett ni dalili ya utajiri wa nchi yake kwa jambo hili, utajiri ambao mwandishi wa Kiswahili hajawahi kuuonja.

Kabla ya kuja nyumbani, tumalizane na The Help. Mawakala 60 walisema, kwa namna hii au ile, kwamba haina soko. Soko likawajibu kwa mamilioni ya nakala. Lakini swali walilojibizana lilikuwa la soko tu. Swali la kama mwanamke wa Kizungu ameitendea haki sauti ya mtumishi mweusi lilikuja kuulizwa na wengine. Mwaka 2011, filamu ilipotoka, Chama cha Wanahistoria Wanawake Weusi cha Marekani kilitoa barua ya wazi kuilaumu kazi hiyo kwa picha iliyotoa ya maisha ya watumishi wale. Mwaka 2018 Viola Davis, aliyeigiza Aibileen na kuteuliwa kuwania Oscar kwa nafasi hiyo, alisema anajutia, kwa kuwa mwisho wa yote hakuona kwamba sauti zilizosikika zilikuwa za watumishi wenyewe. Wakala hapimi jambo hilo. Anapima mauzo, na Susan Ramer alipima vizuri kuliko wenzake wote 60.

Sasa tumtazame mwandishi wa Afrika Mashariki aliyeugonga mlango huo huo. Jennifer Nansubuga Makumbi alikuwa mwalimu wa sekondari Kampala kabla ya kwenda Manchester mwaka 2001 kusomea uandishi wa kubuni. Riwaya yake Kintu ilitokana na masomo yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Lancaster. Inaanza Januari 2004 katika mtaa wa Bwaise, Kampala, ambapo kijana Kamu Kintu anatolewa nyumbani alfajiri, anaitiwa mwizi, anauawa na umati. Kisha inarudi nyuma hadi mwaka 1750, kwa Kintu Kidda, mtawala wa Buddu, aliye safarini kwenda makao makuu ya Buganda kumsujudia kabaka mpya. Njiani anampiga kofi mtoto aliyemlea, mtoto anakufa, laana inaanza, nayo inawafuata wazao wake hadi zama za simu za mkononi. Makumbi anaupita ukoloni karibu bila kugeuza shingo. Habari zake zinatoka 1750 zinakuja 2004, na Mwingereza hapewi kiti.

Wachapishaji wa Uingereza waliiona riwaya hiyo ni ya Kiafrika mno. Ndivyo mwenyewe alivyosimulia mara nyingi. Majina mengi ya Kiganda, koo nyingi, mapacha na majina ya mapacha, na kwa maoni yangu jambo zito kuliko yote ni kwamba hakuna mgeni ndani ya hadithi wa kumshika mkono msomaji wa London na kumweleza anachokiona. Linganisha na Skeeter. The Help ina msichana wa Kizungu anayeingia jikoni na daftari, na msomaji wa Kizungu anaingia naye. Makumbi hakuweka daftari mlangoni. Ukitaka kuingia, ingia.

Mlango uliomfungukia ulikuwa Nairobi. Ulikuwa wa taasisi ya Kwani Trust, iliyotokana na jarida la Kwani? lililoasisiwa mwaka 2003 na Binyavanga Wainaina na wenzake, baada ya Binyavanga kushinda Tuzo ya Caine mwaka 2002. Mwaka 2012 taasisi hiyo iliwaalika waandishi wa Kiafrika walete miswada ya riwaya ambazo hazijachapishwa. Mwaka 2013 mswada wa Makumbi ukashika nafasi ya kwanza. Katika orodha fupi ya shindano hilo kulikuwa pia na Stay With Me ya Mnaijeria Ayobami Adebayo, ambayo ilichapishwa Uingereza mwaka 2017 na kuingia kwenye orodha fupi ya tuzo kubwa ya wanawake ya nchi hiyo. Majaji waliokaa Nairobi, kumbe, walikuwa na jicho.

Kwani Trust iliichapisha Kintu mwaka 2014. Mwaka huo huo Makumbi akashinda Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 2017 Transit Books, kampuni changa ya watu wachache huko Oakland, California, ikaitoa Marekani. Mwaka 2018 Oneworld ikaitoa London, na mwaka huo huo akatunukiwa Tuzo ya Windham-Campbell yenye thamani ya dola 165,000. Oneworld ndiyo ile ile iliyomchapisha Marlon James nchini Uingereza, na ndiyo iliyomchukua Paul Beatty, Mmarekani mweusi ambaye The Sellout ilikataliwa na wachapishaji 18 wa Uingereza kabla ya kushinda Booker mwaka 2016. Inaelekea kuna watu mjini humo waliotambua kwamba rundo la waliokataliwa na wakubwa ni shamba lisilo na mlinzi.

Kitabu kilichoandikwa Manchester, basi, kilikwenda Nairobi ili kifike London. Sioni maajabu. Nairobi ndiko walikokuwepo watu wasiohitaji kuelezwa Bwaise ni nini.

Na kwa mwandishi wa Kiswahili shindano ndio mlango wa zamani kuliko yote. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliingia fasihi kwa njia hiyo: Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyomleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, ilishinda shindano la uandishi wa hadithi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957 hadi 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 2014, Mukoma wa Ngugi na Lizzy Attree waliasisi Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell kwa ajili ya fasihi ya Afrika, ambayo imetoa fedha na pia kuwafikisha washindi kwa wachapishaji. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilitoa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Majina mapya yamepatikana humo. Ila shindano lina washindi watatu, pengine watano, na mswada wa sita, hata ungekuwa mzuri kiasi gani, unarudi kwenye droo.

Nje ya mashindano kuna mchapishaji, na jicho la mchapishaji liko shuleni. Siwezi kumlaumu kwa hilo pia. Riwaya ikiteuliwa na mamlaka za elimu Tanzania au Kenya, oda inakuja kwa maelfu. Isipoteuliwa, inakaa dukani ikimsubiri mpita njia mwenye chenji. Wachapishaji wa Kiswahili walio tayari kuchukua riwaya ya watu wazima isiyolenga mtihani wowote, unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono miwili, na vidole vikabaki. Hao ndio milango yote. Ukimaliza kuigonga umemaliza, na wala si kila mlango utakujibu. Kukataliwa kwa barua, pamoja na uchungu wake, ni heshima. Mwandishi wetu aghalabu hukataliwa kwa ukimya. Anapeleka mswada, anaambiwa aache namba ya simu, mwaka unapita, na aibu ya kwenda kuulizia anaibeba yeye.

Ndiyo sababu wengi wameuzunguka ukuta. Ben Mtobwa alifungua Heko, akawa mchapishaji wa riwaya zake mwenyewe. Wengine walitoa hadithi zao kwa mfululizo magazetini, wiki hadi wiki, msomaji akinunua gazeti ajue mpelelezi ametokaje ndani ya buti la gari. Leo mfululizo huo umehamia kwenye simu: sehemu tano za kwanza bure kwenye Facebook, ya sita utumiwe WhatsApp baada ya kutuma fedha kwa simu. Wapo wanaoendesha maisha kwa njia hiyo, bila wakala, bila mhariri pia, na kukosekana kwa mhariri kunaonekana kuanzia sehemu ya pili. Lakini msomaji analipa kwa hiari yake, jambo ambalo riwaya teule ya shule haiwezi kujivunia.

Anachokikosa mwandishi wa Kiswahili kwa kukosa wakala si mlango peke yake, maana huku unaweza kumwendea mchapishaji moja kwa moja, na hilo mwandishi wa New York angelionea wivu. Anakosa mtu wa kukaa upande wake siku ya mkataba. Siku hiyo mwandishi ana furaha, na furaha haisomi vipengele. Mrabaha mara nyingi huzunguka asilimia 10, huo anauona. Asichokiona ni ule mstari wa chini unaotaja haki zote, kwa lugha zote, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa, zikienda kwa mchapishaji ambaye pengine hana nia wala uwezo wa kuzitumia. Wakala anayejua kazi yake angeanza kwa kuukata mstari huo. Tafsiri pembeni, filamu pembeni, usomaji wa redio na wa simu pembeni, kila kimoja na bei yake.

Haki zinazolala hazimfaidii mtu. Mtazame Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar, ambaye wachapishaji wake wako London. Riwaya ya kwanza alianza kuiandika miaka ya 1970, ikachapishwa mwaka 1987. Paradise, inayosafiri kutoka pwani yetu hadi bara, iliingia kwenye orodha fupi ya Booker mwaka 1994. Kwa Kiswahili, lugha ya watu waliomo ndani yake, ilifika mwaka 2022, ikiitwa Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis na chapa ya Mkuki na Nyota. Ilikuwa ni mwaka mmoja baada ya Gurnah kutunukiwa Nobel, na miaka 28 baada ya riwaya yenyewe. Kila Oktoba mawakala na wachapishaji wa dunia hukutana Frankfurt kuuziana haki za tafsiri. Anayenunua kwa ajili ya Kiswahili sharti awe na msomaji atakayemrudishia fedha, na hapo tunarudi tena kwenye duka lenye mpita njia mwenye chenji.

Kwa vyovyote, kipengele cha filamu ndicho ningemshauri mwandishi akisome kwanza. Haki za kuifanya The Help filamu zilichukuliwa mwaka 2008, kitabu hakijafika dukani na hakuna aliyejua kitauza nakala ngapi. Aliyezichukua ni Tate Taylor, rafiki wa Stockett tangu utoto wao Jackson, mwongozaji ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa. Filamu aliyoitengeneza iliingiza zaidi ya dola milioni 200. Wapo waliomshauri Stockett asimpe. Alimpa, na hakulazimika kumwomba mchapishaji ruhusa.